Mwalimu ya Aveba na mudomo yangu

Déborah, mujukuu yangu, iko hapa karibu yangu na bic yake, miye niko nachambua maharagi. Miye nasema, yeye anaandika. Masomo miye nilionaka paka inje, kwa mulango tu, siku nilikuwa napelekea kaka yangu chakula. Donc kama kuna kosa mu hii karatasi, ni ya Déborah. Anacheka. Andika na vile unacheka, mutoto.

Walinipa retraite yangu, nipumuzike kazi, na kikwembe moja na photo. Mukubwa ya hôpital alivuta sauti chini sawa mutu iko anasukuma armoire: «Chère Maman Zawadi, weye ulikuwa nguzo ya hii nyumba.» Nguzo! Miaka yote alikuwa ananipita sawa mulango. Ile tuiache. Niko nasema juu ya nyinyi wasichana wenye munashika raclette ya kuosha chini sasa, mu ile salle ya wagonjwa wanaume yenye niliacha. Kuna kitu moja nilifanyaka mubaya. Kama sikuisema, kuna siku, moja wenu ataifanya, na ataona anafanya muzuri.

Siku ya kwanza mu kazi nilikuwa na mimba ya Zawadi. Mwenye alinifundisha ni Mama Yuditi, mwanamuke murefu, alikuwa anasemea mu pua. «Weye mutoto, unaosha chini kutoka dirisha unaenda kwa mulango. Ukianza na mulango utatokea wapi? Utaruka?» Alinionyesha kupiga magoti na kuangalia chini ya kitanda mbele ya kusukuma raclette, maana ndiko famille inawekaka sufuria. Alinionyesha dawa ya Javel ngapi mu ndoo, na kupima kwa kunusa: kama macho inatoa machozi, umeweka mingi, kama hunusi kitu, umeosha na maji ya bure. Na kitu yenye sikusahauka: «Dokta anaangaliaka karatasi. Weye angalia sahani.» Alikuwa anapita asubui, anaangalia sahani ya kila mugonjwa, nani amekula, nani ameacha, na alikuwa anajua nani atapona arudi kwake, nani atakufa, mbele Dokta ajue. Hakukosaka. Hakuna mutu alimuulizaka.

Walikuwa wanatuita «fille de salle», musichana ya salle. Hata uko na wajukuu sita, uko paka fille. Tulikuwa tunacheka: hapa hatuzeekake.

Na miye niko na ugonjwa moja, ni mudomo. Mutu akisema mara mbili, sauti yake inaingia mwangu, inakaa sawa mupangaji, hailipe loyer. Sœur, mutawa mukubwa ya hôpital, Dokta, muuza mukate kwa barrière, wote nilikuwa nao. Wagonjwa walikuwa wanasema: «Mama Zawadi, tufanyie Sœur!» Nilikuwa nashika kiuno: «Mais! Mais! Nani ametema mate hapa? Yesu ndiye atapangusa?» Siku moja Sœur alikuwa nyuma yangu. Alisema: «Mais, Maman Zawadi!» Na salle nzima haikujua nani alisema.

Vita ilipofika hapa Bunia, hiyo mudomo ilikuwa dawa. Tulikuwa na vitanda kumi na mbili, na watu makumi tatu. Wagonjwa wa kitanda ya tatu na kitanda ya ine walikuwa wanatoka kwa watu wenye inje walikuwa wanauana. Mu salle walikuwa wanapeana chumvi. Kama inje risasi zinalia, watu wanalala chini, miye pia nalala chini, na kule chini nilikuwa nafanya Sœur: «Mais! Nani anapiga kelele wakati ya sieste, watu wanapumuzika?» Wanacheka na vumbi mu meno. Musiniulize namna gani mutu anacheka pale. Anacheka.

Sasa Mwalimu Anyotsi.

Alikuwa mwalimu ya primaire kule Aveba, na mukubwa ya waimbaji wa chorale. Ndugu yake alimuleta na kinga, ni baiskeli. Mutu mwembamba, kifua imevimba juu kidogo, mishipa ya shingo imesimama sawa kamba, anakohola. Na macho: ngozi ya juu ilikuwa inaanguka sawa rideau ya dirisha. Asubui inafunguka, saa sita inaanguka, jioni anainua na kidole kusudi aone nani anasema naye. Ndugu alisema: «Narudi kutafuta chakula, siku tatu.» Akaenda. Njia ikafunga. Hatukumuona tena.

Nyinyi munajua desturi yetu: kwetu mugonjwa hakuyake, hafikake peke yake mu hôpital. Iko na garde-malade wake, mwenye anapika, anafua, anakimbia pharmacie kuleta dawa, na ni huyo Dokta anaambia maneno. Mugonjwa bila garde-malade ni sawa mutoto ameachwa mu soko. Nilipika bugali na mboga ya lenga-lenga kwangu, mutaa ya Rwambuzi, nikamuletea. Hakuna mutu alinituma. Vile nikakuwa mutu wake.

Alionja. Akainua jicho moja na kidole.

«Mama Zawadi, hii bugali ni mubichi. Unataka tumbo yangu ndiyo imalizie kupika?»

Kesho yake: «Hii maji mulitoa kwa chura, ao chura alikunywa mbele?» Kesho tena: «Hii kitanda, mwenye aliitengeneza, bibi yake alikuwa amemukimbia.» Alilalamikia mbu, alilalamikia sabuni, alilalamikia padri mwenye aliombea wagonjwa mbio-mbio: «Huyu anasali sawa mutu moto inamuunguza ndizi.» Salle ilikuwa inakufa na kucheka. Ile sauti ilinikamata siku ya pili. Ilikuwa nyembamba juu, ikishuka inakwaruza, sawa kiti inavutwa mu ciment. Nilipokuwa naingia na raclette, nilikuwa nasema na sauti yake mbele yeye aseme: «Mama Zawadi, hii hewa ni ya jana!» Yeye anajibu: «Ni ya juzi. Hata kuniiba sauti hujui.»

Siku moja walinzi wa mukubwa moja wa vita waliingia na bunduki kutafuta mutu. Moja alisimama mbele ya Mwalimu. «Weye! Fungua macho! Unatuzarau?»

Mwalimu aliinua ngozi ya jicho na kidole, polepole. Akamuangalia juu mpaka chini. «Mukubwa, si miye nazarau, ni macho. Sasa nimekuona. Ningeacha imefunga.»

Nilikuwa nimeshika raclette, na Mungu anajua nilikojoa kidogo. Andika, Déborah, watu wote wanakojoaka. Ule mutoto ya bunduki alitoa macho, kisha alicheka. Alicheka na alitoka. Mwalimu akasema: «Hata bottes mu miguu yake hazilingane.»

Mbele walisema ni tubercule, kifua kikuu, juu ya kikohozi. Walimupa dawa ya tubercule miezi. Mukojo ilikuwa sawa fanta, mutu anazidi kukonda. Kisha Dokta Eliya alifika, mwenye alitembea na miguu kutoka upande ya Nyankunde, kiatu moja imefungwa na kamba. Alishika photo ya kifua kwa dirisha, muda murefu. Akaniita inje, pale penye tunaanika mashuka.

Dokta Eliya alikuwa anasema polepole, na «n'est-ce pas» kila pahali, sawa mutu anapanda mulima anapumuzika kwa jiwe. «Mama Zawadi, nyuma ya mufupa ya kifua, n'est-ce pas, iko kanyama kadogo. Kanaitwa thymus. Kwa mutoto ni kakubwa. Mutu akikomala kanakauka, kanabakia mafuta. Kwa Mwalimu haikukauka, n'est-ce pas. Iliota uvimbe.»

«Na macho?»

«Ni ile ile. Inachanganya mwili, mwili inaanza kupigana na misuli yake yenyewe. Macho, kisha kumeza, kisha sauti.»

«Si mumupasule, muitoe?»

Aliangalia kiatu yake. «Kama ingebakia pahali yake, n'est-ce pas, tungetafuta avion imubebe, angepasuliwa kule penye mashini iko. Lakini imetembea. Imemwanga mbegu mu ngozi yenye inafunika mapafu. Na juzi, siku moteur ya umeme iliwaka, nimeona mu mashini ya échographie mabonge mu maini, sawa viazi mu gunia. Imefika mbali.»

Nilimuuliza swali ya mutu mwenye hakusoma. «Dokta, kanyama kadogo vile, kametembea kutoka kifua mpaka maini, hakuna barrière ya wenye bunduki imekasimamisha. Siye na miguu mbili hatuwezi kufika hata Aveba?»

Aliguza shuka yenye ilikuwa inaanikwa, sawa mutu anaangalia kama imekauka.

Nilirudi mu salle. Mwalimu alikuwa ananingojea na kidole tayari kwa jicho.

«Dokta amesema nini? Na usinifanyie sauti ya Dokta. Sema na yako.»

Sauti yangu! Ilikuwa miaka sikuitumia. Nilikaa kwa kitanda, nikamwambia vile ilikuwa: imetoka kifua, iko mu mapafu, iko mu maini, hakuna mutu wa kuirudisha. Aliacha ngozi ya jicho ianguke. Kisha alisema: «Hata ugonjwa mumenipa mubichi.» Tulicheka siye mbili, na machozi yangu ilianguka mu sahani yake.

Nyuma ya pale sauti yake ilianza kwenda, vile Dokta alisema. Mpaka uweke sikio kwa mudomo yake. Na siku moja nilipoweka sikio, alisema: «Kule paroisse ya Aveba iko phonie. Umwambie Mama Espé akuye. Namutaka hapa, nimuone.» Mama Espé ni bibi yake wa ndoa, mama ya mutoto yao Espérance; na phonie ni redio ya kusemeana mbali. «Njia ni mubaya,» nikasema. «Anaijua. Mwambie akuye.»

Sasa nieleze juu ya ile njia. Mudogo yangu Bahati, mwenye tulinyonya titi moja, alitoka na ile njia kuya kuniona, siku mbili mbele ya Mwalimu kufika hôpital. Alikuwa amenitumia habari kwamba ananiletea mafuta. Mpaka leo, Déborah anaandika, hajafika. Hatukuzika hata kiatu yake. Donc mutu akisema «akuye», miye nilikuwa nasikia kitu ingine.

Phonie ya hôpital ilikuwa mu kachumba kadogo, batiri chini, na Pilo mwenye alikuwa anaipigisha. Pilo alikuwa anapenda phonie kuliko bibi yake. «Aveba, Aveba, Aveba, munanipata? À vous, museme!» Walituma mutu kuita Mama Espé mu shamba. Tulingoja. Saa sita kamili, Pilo alinisukumia micro: «Mbio, Mama Zawadi, batiri inakufa.»

Mu ile kelele ya phonie, sawa maharagi inachemka, sauti ya mwanamuke ilitoka, mbali: «Mwalimu? Ni weye? Ni weye, baba Espé? À vous.»

Nilikuwa nimekuya kusema na sauti yangu. Haki ya Mungu. Lakini vile alisema «ni weye?», nilimuona mu njia, na kitunga juu ya kichwa, kwa ile kona yenye namuonaka Bahati mu mafikiri. Mudomo yangu ilifunguka, na sauti yenye ilitoka ilikuwa ya Mwalimu. Si ile ya kuzima. Ile ya kwanza, ya kiti mu ciment.

«Mama Espé, ni miye. Niko bien. Wananitunza bien, chakula ni muzuri, kitanda ni muzuri. Napona. Usikuye. Bakia na watoto mpaka njia ifunguke. À vous.»

Pilo aliniangalia sawa nimevua nguo. Phonie ilichemka, ikachemka. Kisha mwanamuke alisema paka hii, vile wanasemaka mu phonie kama wamesikia: «Bien reçu.» Na batiri ikakufa.

Nilitoka mule kichwa juu. Nilisema: leo nimeokoa mutu.

Mwalimu alikuwa anangojea. «Umemwambia?»

«Nimemwambia.»

«Anakuya?»

«Iko mu njia.»

Munaona? Uongo moja hailalake peke yake, inaita ingine kitanda moja. Na ule mutu, Dokta alikuwa amesema atamaliza siku kidogo. Alimaliza juma tatu. Alikuwa hawezi kumeza bien, namupa uji na kijiko, kijiko moja, tunangoja, kijiko ingine. Kila asubui anageuza kichwa upande ya mulango, anainua jicho na kidole. Kila asubui analalamika mu sikio yangu: «Ule mwanamuke anatembea sawa kinyonga.» «Ule mwanamuke amesimama kusalimia kila muti.» «Uji ni mubichi. Akifika, yeye atakuonyesha.» Nacheka. Nafanya sauti yake kwa salle, wanacheka. Naenda kwa ndoo yangu, napima Javel, nanusa, macho inatoa machozi hata kama niliweka kidogo.

Asubui ya mwisho uji ilikuwa imeungua. Imeungua kweli, moto ilinishinda juu ya mafikiri. Nilimupa kijiko. Alimeza. Kijiko ya pili, alimeza. Hakusema kitu. Niliweka sikio karibu: «Mwalimu, imeungua.» Alisema: «Ni muzuri, Mama Zawadi.»

Nilijua. Miaka nilikuwa naangalia sahani vile Mama Yuditi alisema, lakini ule mutu alama yake haikuwa kwa sahani, ilikuwa kwa mudomo: ameacha kulalamika. Nilienda kuita Dokta. Saa sita Mwalimu alikuwa ameisha, kichwa upande ya mulango.

Nilimunawisha miye na kitanda ya tatu na kitanda ya ine, wale wa kuuana. Tulimuzika hapa Bunia, watu saba, chorale hakuna. Pilo alijaribu kuita Aveba kuwapa habari. Aveba haikujibu. Walikuwa wameiba phonie, ao wameichoma, kila mutu alikuwa na yake ya kusema.

Njia ilifunguka nyuma sana. Watu walianza kupita, mbele na hofu, kisha na mbuzi. Siku moja nafika kwangu Rwambuzi, nakuta mwanamuke mufupi amekaa kwa mulango, kitunga ya maharagi mbele yake, nywele fupi, sawa za mutu mwenye alinyoa kwa matanga.

«Ni weye Mama Zawadi mwenye alitunza Mwalimu Anyotsi?»

Nilijua ni Mama Espé. Nilimuingiza, nilimupa maji. Hakulia. Alisema: «Nimekuya kuuliza penye alilala.» Nilimwambia makaburi. Aliitika na kichwa. Kisha alisema polepole, anaangalia maji: «Ile siku ya phonie, nilijua amekufa.»

«Namna gani?»

«Miaka yangu yote na ule mutu, hakusemaka chakula ni muzuri. Siku ya ndoa yetu alisema muchele iko na mawe mbele ya padri. Mu phonie nikasikia ni sauti yake kabisa, kabisa, na anasema kitanda ni muzuri, chakula ni muzuri. Nikasema: huyu si bwana yangu. Bwana yangu amekwisha, na watu wa hôpital wametafuta mutu wa kunituliza. Nilirudi nyumbani, nikanyoa. Tulikaa matanga. Kama angekuwa muzima, dada, ningekuya. Hata na vita yao, ningekuya. Nilikuwa nimekwisha kufunga kitunga.»

Aliinua macho. «Alikufa siku gani? Mbele ya phonie siku ngapi?»

Nyinyi wasichana, ile ndiyo saa. Mudomo yangu ilikuwa na sauti kumi tayari. Dokta ilikuwa pale: «N'est-ce pas, Maman, hakuteseka.» Sœur ilikuwa pale. Padri ilikuwa pale. Zingemutuliza, angeenda kwake. Na nilisikia Mwalimu: sema na yako.

Nilisema: «Ni miye nilisema mu phonie. Alikuwa muzima. Aliniambia nikwambie ukuye. Alikungojea juma tatu, kichwa kwa mulango. Nilikuwa namwambia uko mu njia.»

Aliweka kikombe chini. Nilifikiri atanipiga, na nilitaka anipige.

«Alikuwa anasema nini juu yangu?»

«Kwamba unatembea sawa kinyonga. Kwamba unasalimia kila muti.»

Kitu kilitoka kwake, sijui ni kicheko, sijui ni nini. Alifunika uso na kikwembe. Kisha alisema mule ndani ya kikwembe: «Ifanye.»

«Mama Espé, ile sauti niliiacha. Tangu siku alikufa sikuifanyaka tena.»

«Uliifanya siku mubaya. Ifanye sasa.»

Nilifanya. «Mama Zawadi, hii bugali ni mubichi.» Alitikisa kichwa: «Hapana. Kwa mwisho wa neno alikuwa anavuta kidogo, sawa mutu anachoka.» Nilifanya tena. «Hapana. Hakusemaka mbio vile.» Alinirekebisha mara tatu, miye mwenye salle nzima ilikuwa inasema hakuna sauti inanishinda. Mara ya ine nilisema yenyewe, ile yenye nilipaswa kusema saa sita kamili mbele ya Pilo: «Mama Espé, hapa chakula ni mubichi, kitanda ni mubaya, na weye unakawia. Kuya unione.»

Alikuwa amefunga macho. Jua ilikuwa inaingia kwa mulango mpaka kwa kitunga ya maharagi.

«Bien reçu,» alisema. «Niko nakuya.»